Nyumba Themanini na Tatu

Mama mkubwa Mwamvua hana simu ya kupangusa, na kusoma kwake ni msahafu tu, lakini kwa miaka thelathini na moja sijaona harusi ya mtaani kwetu Usagara iliyojaza watu bila yeye. Yeye ni mwalishi, mpeleka mialiko wa mtaa. Mwenye shughuli akishapata tarehe humwita, humtajia nyumba anazotaka zialikwe, naye hujifunga kanga, hutia viatu vya kamba na kutoka. Hapiti dirishani wala hapazi sauti barabarani. Hupiga hodi, hukaa, hunywa maji akipewa, ndipo huusema mwaliko wake, na maneno ni yale yale tangu nilipokuwa nikimfuata nyuma nikiwa na meno ya utoto.

"Mimi ni mdomo tu. Fulani bin fulani na mkewe wanakusalimu, wanakualika harusi ya binti yao, siku fulani, baada ya laasiri, nyumbani kwao, wewe na nyumba yako."

Kisha hunyamaza na kungoja. Mpaka mwenye nyumba aseme "Tumepokea," hainuki. Akishatoka nje huvunja kichwa cha njiti moja ya kiberiti na kuirudisha ndani ya kisanduku. Hayo ndiyo mahesabu yake. Njiti isiyo na kichwa ni nyumba iliyopokea, na nyumba iliyopokea hairudiwi kuambiwa vingine. Bwana harusi anaweza kukimbilia Dubai, mama mkubwa husema, lakini watu walioalikwa watakuja na watakula.

Nayasema haya yote ili mtu aelewe kwa nini, Jumamosi moja asubuhi, nilipookota viberiti viwili juu ya meza yake na kukuta njiti hazina vichwa, nilizihesabu mara mbili kabla ya kumwita.

Harusi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya Samiha, binti wa jirani zetu Abdulghani na mkewe Kazija, anayeolewa na Luqmani Jumamosi ya wiki tatu mbele. Jumatano Kazija alimwita mama mkubwa, akamtajia nyumba zote, na mwisho akamwambia, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Lakini ngoja kwanza. Hawa watoto washapata shamba huko njia ya Pangani, lafanyiwa harusi siku hizi. Jumapili twenda kuliangalia. Tukirudi ndo utoke."

Mama mkubwa aliitikia. Tatizo ni kwamba Alhamisi alisikia kwamba mtaa wa pili kuna shughuli nyingine, Jumamosi hiyo hiyo ya Samiha, na mwalishi wao anatoka baada ya adhuhuri. Anayewahi kualika ndiye mwenye watu, hilo kwetu halina mjadala, kwa sababu aliyekwisha kusema "Tumepokea" hawezi kulisema tena kwa mwingine. Basi akatoka saa tatu asubuhi. Alhamisi yote, Ijumaa mpaka adhana ya magharibi. Alimaliza nyumba themanini na tatu, na zote aliziambia harusi ni nyumbani. Kwetu aliyepokea hamwendei mwenye shughuli mpaka siku ya kuchagua mchele, ndiyo maana Kazija hakusikia.

"Miye n'lifanya la heri," aliniambia nilipomshika na viberiti vyake.

"Mama mkubwa, na wakiamua kule shambani?"

"Shamba si ni kubwa? Tutawachukua wote."

"Na kama si kubwa?"

Alichukua viberiti mkononi mwangu akavitia kwenye mkoba. "Tutaliona kwanza," akasema. Nilimsihi amwambie Kazija siku ile ile. Hakumwambia. Mtu ambaye hajakosea kwa miaka thelathini na moja hajui pa kuanzia.

Jumapili tukaondoka wanne kwa Noah ya kukodi: Kazija mbele na dereva, Samiha, mama mkubwa na mimi nyuma. Samiha alikuwa na furaha ya kumtia mtu huzuni. Kila dakika anatuonyesha picha za shamba lile kwenye simu, na kila picha mama mkubwa anauliza swali moja: "Hapa wanakaa wangapi?" Kazija akacheka, akasema Mwamvua leo kageuka afisa wa sensa. Tulipopita Tongoni nikasikia viberiti vinalia ndani ya mkoba, kwa kuwa mama mkubwa alikuwa anaugeuzageuza mapajani.

Lilikuwa shamba la mkonge la zamani, sasa likiitwa Mkongeni. Mkonge wenyewe umebaki mistari michache ya kupigia picha. Getini palikuwa na mlinzi na daftari, akatuuliza majina, akayatafuta, akayaona, ndipo akafungua. Nilimwona mama mkubwa anamtazama mlinzi yule kama mtu anayemtazama daktari.

Meneja alitupokea barazani. Anaitwa Castory, mtu wa bara, mpole, kofia ya ukindu kichwani, na kila sentensi yake inaanza na "kwa uzoefu wetu". Akatutembeza. Banda la korona, ile mashine ya kusagia mkonge, limeachwa na kutu zake zote, taa ndogo zimezungushiwa magurudumu. Vitoroli vya reli vilivyokuwa vinabeba majani vimejazwa maua. Kamba za kuanikia nyuzi zimefungwa vitambaa vyeupe. Meza zimevishwa magunia. Sisi Usagara tuna miaka tunakwangua kutu madirishani na kuficha magunia wageni wakija, kumbe tungesubiri kidogo tu.

"Magunia ya nini?" mama mkubwa aliuliza.

"Ndiyo mtindo, mama," Castory akasema. "Kwa uzoefu wetu, wateja wanapenda kitu cha asili."

"Hapa penye gunia wanakaa wangapi?"

"Sita kila meza."

Midomo ya mama mkubwa ikacheza. Alikuwa anahesabu meza. Marehemu baba yake, mzee Sadalla, alikata mkonge ukanda huu huu, na nilitegemea atatusimulia hadithi ya kidole cha mzee kilichobaki shambani, maana huwa haipitishi wiki bila kuisimulia. Hakuigusa. Alitembea nyuma yetu anasema polepole sita, kumi na mbili, kumi na nane.

Ukumbi mkubwa ulikuwa ghala la nyuzi. Kwa kweli ni pazuri, siwezi kusema uongo. Paa liko juu, upepo unapita, na sakafu ya saruji imeng'aa kwa miaka ya marobota ya nyuzi kuburutwa. Ukuta wa mbele, pale atakapokaa bibi harusi, umepambwa kwa nyungo, kubwa na ndogo, kama arobaini hivi, kila mmoja umepigiliwa msumari katikati.

Samiha alisimama chini yake akafumbata mikono kifuani. "Mama, hapa. Hapa hapa."

Mama mkubwa alisogea mpaka ukutani, akapapasa ungo mmoja pale ulipotobolewa. "Ungo mzima huu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ulikuwa mzima." Kisha akamgeukia Castory. "Baba, ukumbi wote huu, watu wangapi?"

"Mia na hamsini."

"Wakibanana?"

"Mia na hamsini, mama. Pamoja na mpiga picha na bwana harusi mwenyewe. Hatuzidishi, vyoo havitoshi."

"Nje? Pale kwenye nyasi?"

"Nje tunapigia picha."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Nyumba themanini na tatu kwetu ni watu mia nne, na hapo sijahesabu watoto.

Kazija alikuwa akinong'onezana na binti yake. Nilimwona Samiha anashika mkono wa mama yake, nikamsikia anasema, "Sitaki iwe kama ile ya dada." Sote tunaijua ile ya dada yake. Mvua ilinyesha, turubai likaanguka, watu mia tano wakaingia nyumba ya vyumba vitatu, pilau likaisha kabla ya wanaume kula, na Samiha, wakati huo yuko darasa la sita, ndiye aliyetumwa kuwaambia wageni waliobaki kwamba hakuna kitu. Baadaye walimkuta stoo analia nyuma ya gunia la mkaa. Mtoto haisahau siku kama hiyo. Kwa hiyo nilipomtazama nilimwonea huruma, nikamwonea huruma na mama mkubwa, na sikujua huruma ipi niiweke wapi.

"Ninachohitaji," Castory akasema, "ni uthibitisho na orodha ya majina kesho kabla ya magharibi. Getini tunapitisha kwa orodha. Asiyekuwepo mlinzi anamrudisha, hata akiwa shangazi."

"Hapana taabu," Kazija akajibu. "Mtaani hajaambiwa mtu bado. Tutachagua wachache, na waliobaki tutawapelekea sahani siku ya pili. Bahati njema Mwamvua hajatoka."

Nilimtazama mama mkubwa, nikiwa nataka aseme na nataka asiseme.

"Kazija," akasema. "N'shatoka."

"Wasema n'ni?"

"N'shaalika. Wote."

Kazija hakuelewa, au hakutaka. "Wote wangapi?"

Mama mkubwa alifungua mkoba akatoa viberiti, akamwekea kiganjani. Kazija alivuta kisanduku kimoja, akaziona njiti. Yeye ni mtu wa Pemba, lakini amekaa Usagara miaka ishirini na sita na hahitaji kufasiriwa njiti za Mwamvua. Akakaa kwenye benchi lenye gunia.

"Nyumba themanini na tatu," mama mkubwa akasema. "N'liwaambia nyumbani."

"N'likwambia ngoja."

"Uliniambia."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililonitisha. Hakumtaja mwalishi wa mtaa wa pili wala hakusema la heri. Castory akapata shughuli ya kwenda kuangalia taa.

Samiha ndiye aliyezungumza, na hakupaza sauti. "Mama, mimi nimekwisha kuwaambia wenzangu. Luqmani ameshawaambia watu wa kwao Raskazone. Mara hii naomba shughuli iwe yangu."

Kazija alimrudishia mama mkubwa viberiti. "Harusi ni ya Samiha," akasema. "Atakavyosema yeye."

"Basi mama Mwamvua arudi akawaambie," Samiha akasema. "Kesho. Miye n'tafuatana naye, asije akaona haya akageuza maneno."

Tukapanda gari kurudi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, nami niliwaza kwamba wahenga hawakusema mwenye mdomo afanye nini siku ya pili yake.

Usiku alisali akakaa juu ya mswala muda mrefu. Nilimwuliza kama atakula, akaniuliza kama najua maneno ya kurudisha mwaliko. Nikasema sijui. "Wala miye," akasema. "Hakuna aliyenifundisha." Alikuwa anaogopa. Nimemwona mama mkubwa akizika mume na mtoto, sikumwona akiogopa vile.

Jumatatu baada ya laasiri tukatoka watatu, mama mkubwa mbele, Samiha katikati amejifunika vizuri kwa kuwa mwari kuzurura wiki tatu kabla ya harusi yake ni aibu nyingine, na mimi nyuma. Nilikuwa nimewahi kutoka shuleni ninakofundisha. Magharibi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, orodha ya Castory inangoja. Mama mkubwa alipanga kuanza na Bi Hija, kwa sababu ndiye mkubwa wa mtaa. Akiambiwa yeye, wengine watakuwa wepesi.

Bi Hija macho yake yamebakia kuona mwanga na vivuli. Hata hivyo hakuna mchele wa shughuli zetu uliowahi kupikwa bila kupita mikononi mwake. Siku ya kuchagua mchele wanawake hukaa ukumbini na nyungo mapajani, na sisi wenye macho yetu ndio tunaopitisha mawe. Yeye anaupapasa tu, na jiwe halimpiti.

Tulimkuta barazani. Ungo wake ulikuwa umeegemezwa ukutani juani, umeoshwa, bado una unyevu kwenye ukingo.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba. Mwamvua? Na nani hao?"

"Ni Shadya wangu, na Samiha wa Kazija."

"Mwari anatembea?" Akacheka. "Haya, kaeni. Maji?"

Mama mkubwa alikaa. Hakutaka maji. Nilimwona anaanza mara mbili na kuacha. Samiha alimtazama. Mwisho mama mkubwa akasema, haraka, akiitazama sakafu:

"Bi Hija, nimekuja kurudisha neno langu. Ile harusi haiko nyumbani. Iko shambani, huko mbali, na watu ni wachache. Kosa ni langu. Kina Kazija hawana kosa, miye ndiye niliyetoka kabla ya kuambiwa."

Bi Hija akauliza: "Na mchele mtachagulia wapi?"

"Hauchaguliwi. Wanapika wao huko huko."

"Ahaa."

Hakuonyesha hasira. Ningependa angekasirika, mama mkubwa angejua la kumjibu. Aliinua uso akautafuta upande aliko Samiha.

"Basi, mwanangu, Mungu awape kheri. Mtu hachukii kwa harusi ya mjukuu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Nitundikie ungo wangu kabla hujaondoka. Pale ndani, juu ya mlango, pana msumari. Jana n'lisumbua watu mpaka nikatunguliwa, miye mwenyewe sipafikii."

Samiha aliinuka akauchukua. Akaingia, akajinyoosha, akauinua mpaka kwenye msumari. Kitanzi cha kamba kilikuwa ukingoni, cheusi kwa miaka ya kushikwa, na katikati hapakuwa na tundu la msumari. Nilingoja ungo ulie kidogo kwenye msumari, kisha ashushe mikono. Hakuishusha. Alibaki mikono juu, ungo umemfunika uso, na mama mkubwa akageuka kumtazama, na mimi nikatazama saa yangu, saa kumi na moja na dakika kumi, bado nyumba themanini na mbili.

Alipotoka ungo ulikuwa bado mikononi mwake. Akauweka mapajani mwa Bi Hija.

"Bibi," akasema, "njoo nyumbani. Jumamosi ile ile. Ungo usiutundike."

"Si mmesema ni shambani?"

"Tumekosea njia."

"Haya," Bi Hija akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuuliza zaidi.

Tukaaga. Barabarani simu ya Samiha ikalia. Niliona jina la Castory kwenye kioo. Aliitazama mpaka ikanyamaza, akaitia mkobani. "Luqmani n'tampigia mwenyewe," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hofu ya turubai na pilau ilikuwa imemrudia yote, na safari hii aliichukua mwenyewe.

Mama mkubwa alitembea mbele mpaka pembeni ya duka, halafu akasimama. Nilidhani analia. Aligeuka, uso umekunjamana kama ninavyomjua.

"Hukumtaja baba yako."

"Nini?" Samiha akasema.

"Mwari haaliki kwa jina lake. Hukumtaja Abdulghani, hukumtaja mama yako, hukusema baada ya laasiri, hukusema wewe na nyumba yako. Na umeondoka hajasema amepokea. Pale kwa Bi Hija hapana mwaliko. Mlipiga gumzo."

Samiha alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sasa?"

"Sasa turudi."

Tukarudi, tukapiga hodi. Samiha alikaa kitako chini, mama mkubwa nyuma yake akimkumbusha kwa kunong'ona, akayasema yote, baba yake, mama yake, siku, saa, nyumbani, wewe na nyumba yako. Bi Hija alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, vidole vikizunguka ukingo wa ungo, kama mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza.

"Tumepokea," akasema.